Kufunga choo: dereva anayeingia barabarani saa kumi alfajiri aambiwe nini?

Mhudumu_Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Naandaa somo la nusu saa kwa madereva na makondakta wa daladala, vijana wa bodaboda na mafundi cherehani huku Temeke. Mada ni kuzuia kufunga choo kabla mambo hayajafika kwenye bawasiri. Mabango tuliyonayo yanasema "kunywa maji mengi, kula matunda na mbogamboga", basi. Mtu anasoma, anaitikia "sawa sawa", anarudi kwenye supu yake.

Hawa watu wanatoka nyumbani saa kumi alfajiri, wanakula kijiweni na wanashinda wamekaa. Choo cha karibu ama ni cha kulipia ama hakiingiliki. Nyumbani wengi wamepanga, vyumba sita choo kimoja.

Naomba vitu vinavyopimika: kiasi gani cha nini, saa ngapi, akae vipi chooni, dawa zipi zinafunga choo, na wakati gani aache kujitibu aende hospitali. Na kama ningekuwa na dakika tano tu badala ya thelathini, nianze na lipi?

---

Nesi_wa_Zamu

Kama ni dakika tano, matunda yaache. Anza na kubana haja.

Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kila siku unapokea kama lita moja na nusu ya majimaji kutoka utumbo mwembamba, na karibu yote unayarudisha mwilini. Yanayotoka pamoja na choo ni mililita 100 hadi 200 tu. Utumbo haujui kwamba gari limekwama kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu. Choo kikikaa, wenyewe unaendelea kufyonza. Haja iliyokuja saa mbili asubuhi ikabanwa mpaka saa nne usiku, kilichokuwa laini kinatoka vigololi vikavu kama vya mbuzi.

Na kuna la pili ambalo watu hawaambiwi. Anayebana kila siku, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka na kuzoea kubeba mzigo, kwa hiyo ile hisia ya kuitwa inafifia. Baada ya miezi anakuambia "mimi sisikii haja kabisa". Hajarogwa. Amejifundisha mwenyewe kutosikia.

Dawa yake ni saa maalumu. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana unasukuma kilichopo mbele kupisha kinachokuja. Msukumo huo una nguvu zaidi asubuhi baada ya kuamka na baada ya mlo wa kwanza, kwa kawaida ndani ya nusu saa hivi. Kwa hiyo dereva asijilazimishe saa tisa na nusu usiku akiwa bado na usingizi na tumbo tupu. Achague mlo wake wa kwanza wa kweli, hata kama ni saa tatu asubuhi kijiweni, na aule mahali penye choo anachokubali kukiingia. Akimaliza, asubiri dakika 15 hadi 30, aende, akae dakika 5, zisizidi 10. Kikija kimekuja, kisipokuja anainuka bila kujikamua. Kesho saa ileile, na siku ya mapumziko vilevile. Ampe utumbo wiki mbili hadi tatu kabla ya kusema mpango umeshindwa. Haja ikija nje ya saa hiyo, aende. Saa maalumu si ruhusa ya kubana saa nyingine.

Simu ibaki nje. Mtu anayekaa chooni dakika 25 akiangalia magoli ya jana anaiachia mishipa ya njia ya haja kubwa ijae damu, na hapo bawasiri inapata mlango.

Halafu wafafanulie kufunga choo ni nini, maana kuna wanaotafuta dawa bila ugonjwa. Mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki ni kawaida, ikiwa kinatoka laini bila kusukuma sana. Anayekwenda kila siku lakini anakamua vigololi na kutoka anahisi kimebaki, huyo amefunga choo. Kuna chati ya Bristol yenye aina 7 za choo kwa michoro, ichapishe uwapitishie. Aina ya 1 na ya 2 ni kufunga, ya 3 na ya 4 ndiyo tunayoitaka. Watacheka, lakini hawatasahau.

---

Upawa_na_Kikaango

Dada Nesi kaongea vizuri, ila saa maalumu bila kitu cha kusukuma ni kusubiri gari stendi ambayo gari halipiti. Nichukue upande wa sahani.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Usiwaambie gramu, waambie vyakula. Makadirio ya kubeba kichwani ni haya: nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, bila kuhesabu mchuzi, gramu 6 mpaka 7. Nusu parachichi la wastani, 6 mpaka 7. Kiazi kitamu cha wastani kilichochemshwa na ganda lake, 3 mpaka 4. Pera moja, 3 mpaka 5 kutegemea ukubwa. Mboga ya majani iliyopikwa, nusu kikombe, 2 mpaka 3. Sahani ya wali mweupe haizidi 1 au 2, na supu ni sifuri kabisa, iwe ya makongoro au ya kuku.

Sasa dona na sembe. Unga wa dona gramu 100 una nyuzinyuzi kama 7. Ukikobolewa ukawa sembe, unabaki na nusu ya hizo au pungufu, kwa sababu pumba na kiini vimeondoka. Ugali wa mtu mzima unakula unga gramu 150 hivi, kwa hiyo mlo mmoja wa dona unaleta 10. Tatizo ni kwamba mama lishe wengi wa mjini wanasonga sembe, na dereva hawezi kumpangia. Dona aile usiku nyumbani.

Kijiweni abadilishe kimoja tu: supu na chapati mbili ziwe chapati mbili na maharage. Sehemu ileile, na mara nyingi bei inapungua. Hapo tayari ameweka 6 au 7 kabla ya saa nne. Mchana akiagiza wali, aseme "ongeza mboga, punguza wali". Mama lishe wengi hawakatai, mboga ikiwepo. Saa kumi jioni, badala ya andazi la pili, apate mapera mawili au ndizi mbivu. Usiku dona na matembele. Jumlisha: inavuka 25 bila kwenda supamaketi.

Machungwa yana kisa chake. Dar chungwa tunalimenya ganda la juu, tunakata kichwa, tunanyonya maji, tunatupa. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye kile kilichotupwa. Kula chungwa zima na nyama yake, upate kama 3. Juisi iliyochujwa ni hadithi hiyohiyo, hata ikiwa imekamuliwa mbele yako.

Na chipsi zisisingiziwe kila kitu. Kiazi kina nyuzinyuzi zake hata kikikaangwa. Kosa la chipsi mayai ni kwamba pembeni hakuna kitu kingine zaidi ya tomato na pilipili.

Onyo moja kubwa: wasipande kutoka 10 mpaka 30 kwa siku moja. Tumbo litajaa gesi, litanguruma ndani ya gari, na mtu ataapa kwamba maharage hayamfai. Aongeze kitu kimoja kwa wiki. Maharage yalowekwe saa 8 mpaka 12, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya mpaka yawe laini kabisa. Gesi inapungua sana.

---

kijana_wa_mwenge

Maji je? Mnayapita kimyakimya. Mimi najua ukinywa lita tano kwa siku choo hakiwezi kufunga.

---

Nesi_wa_Zamu

Lita tano hapana, mkuu. Mwili ukishatosheka, maji ya ziada yanakwenda kwenye mkojo, hayafiki kulainisha choo. Maji yanasaidia pale mtu anapokuwa na upungufu, na pale anapoongeza nyuzinyuzi, kwa sababu nyuzinyuzi zinavimba kwa kunyonya maji. Ukila pumba bila maji, unatengeneza tofali.

Shida ya kundi la Mhudumu ni kinyume. Madereva na makondakta wanakwepa kunywa ili wasitafute pa kukojoa, na joto la Dar la Januari na Februari linawakausha kwa jasho. Kipimo chao kiwe rangi ya mkojo. Ukiwa wa njano iliyopauka, sawa. Ukikolea kama chai ya rangi, amechelewa. Kwa mtu mzima anayeshinda kwenye joto, chupa nne za nusu lita ni mwanzo mzuri, akiongeza siku ya jua kali. Azigawe: moja kabla ya saa tatu, moja kabla ya saa sita, moja kabla ya saa kumi, ya mwisho jioni. Uji na chai vinahesabika. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji na daktari afuate cha daktari.

---

Mhudumu_Tandika

Nashukuru sana. Swali la nyumba za kupanga bado. Asubuhi kuna foleni ya ndoo mlangoni, mtu akikaa dakika tano anagongewa. Na wengine wamehamia nyumba zenye choo cha kukaa, wanapanda juu yake na kuchuchumaa. Niwaambieje?

---

Fundi_Mabomba

Hapo kwenye kupanda nijibu mimi. Waambie waache leo. Sinki la kukaa limetengenezwa kubeba mtu aliyekaa, uzito umegawanyika. Mtu akisimama kwenye ukingo, uzito wote unakaa sehemu mbili ndogo, na kama fundi hakujaza saruji vizuri chini, au bolti zimelegea, linapasuka. Kigae cha sinki kikivunjika ni kisu, kinakata paja na matako mpaka ndani. Unyevu na kandambili vinamalizia kazi.

Wanachotafuta kwa kuchuchumaa wanaweza kukipata wakiwa wamekaa. Weka kitu chini ya miguu, kimo cha sentimita 15 mpaka 20, magoti yapande juu ya nyonga. Tofali la inchi sita likilazwa linatoa sentimita 15 kamili. Weka mawili, moja kila upande wa sinki, uyafunike kwa kipande cha mpira au mkeka wa plastiki miguu isiteleze na usafi uwe rahisi. Kigoda kifupi pia kinafaa. Ndoo iliyopinduliwa siipendi, inateleza na wakati mwingine ni ndefu mno.

Choo cha kuchuchumaa chenyewe ni kizuri kwa jambo hili, kasoro kwa wazee na wenye magoti mabovu. Kwao funga bomba la chuma ukutani, upande wa mkono wenye nguvu, kimo cha sentimita 70 hivi kutoka sakafuni, na liingie kwenye tofali, si kwenye plasta.

Kwa wapangaji, ukaguzi wangu ni mambo matatu: komeo la ndani linalofunga kweli, taa, na maji yaliyomo ndani tayari. Mtu akiwa na hofu mlango utafunguliwa, misuli haiachii. Komeo ni kitu kidogo, wapangaji wakichanga hata mwenye nyumba hasubiriwi.

---

Nesi_wa_Zamu

Fundi nakuazima siku nikija kufundisha wodini.

Niongeze kwa nini magoti yapande. Kuna msuli uliozunguka mwisho wa utumbo kama kamba ya manati, ukiuvuta mbele na kuutengenezea kona. Ndio unaotusaidia kubana. Tukikaa wima kama kwenye kiti cha ofisi, kona inabaki. Magoti yakipanda na mwili ukiinama mbele, viwiko juu ya mapaja, kona inanyooka. Kisha asibane pumzi na kukaza uso. Avute hewa, aliache tumbo litoke mbele, apulize taratibu kwa mdomo kama anayewasha jiko la mkaa. Akimaliza pumzi mbili tatu, apumzike. Kukamua kwa pumzi iliyobanwa ndiko kunakochana na kutoa bawasiri.

Kwa foleni ya asubuhi: si lazima asubuhi. Anayeshindwa kabisa achukue nafasi ya baada ya chakula cha usiku, foleni ikiwa imeisha, ila aishike kila siku. Fundi cherehani ana nafuu, anaweza kuchukua baada ya chakula cha mchana.

Na mafundi cherehani wasimame kila saa moja, hata kama ni kwenda kukata kitambaa tu. Kwa siku nzima walenge dakika 30 za kutembea kwa kasi. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani ni mwanzo wa kuzifikia.

---

Mfamasia_Kkoo

Wadau, mmesahau kaunta yangu. Wengi wanafunga choo kwa sababu ya kitu walichomeza.

Orodha fupi ya kuwauliza: dawa za maumivu za jamii ya kodeini na tramadoli (vijana wa bodaboda waulizwe bila kuwahukumu), vidonge vya kuongeza damu, dawa za kiungulia zenye aluminiamu au kalsiamu, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini, na verapamili kwa wenye presha. Asiache dawa aliyoandikiwa. Aseme kwa aliyemwandikia, mara nyingi kuna mbadala au kuna namna ya kukinga.

Mafundi cherehani wengi ni akina mama, kwa hiyo lazima uguse ujauzito. Homoni za mimba zinapunguza mwendo wa utumbo, vidonge vya damu vya kliniki vinaongeza ugumu, halafu juu yake mama anatafuna pemba. Udongo ule unafunga choo na pia unazuia madini ya chuma kufyonzwa, kwa hiyo anameza kidonge na kukifuta hapohapo. Choo kuwa cheusi akiwa kwenye vidonge hivyo ni kawaida, isiwe sababu ya kuviacha.

Kuhusu dawa za kulainisha: zipo, zinafaa, lakini si chakula. Laktulosi kwa mtu mzima huanza na mililita 15 mara mbili kwa siku, na inaweza kuchukua siku mbili kabla ya kuonyesha kitu. Watu wanaongeza dozi usiku wa kwanza, kesho yake wanaharisha. Bisakodili miligramu 5 mpaka 10 usiku hufanya kazi baada ya saa 6 mpaka 12, kwa hiyo dereva asiimeze usiku wa kuamkia zamu. Imezwe nzima, isitafunwe, wala isinywewe na maziwa au dawa ya kiungulia, kwa sababu ganda lake litayeyuka tumboni badala ya kwenye utumbo na tumbo litasokota. Ni ya siku chache. Mjamzito asinunue yoyote bila kuuliza.

Mafuta ya nyonyo na mshubiri kwa mjamzito ni marufuku. Unga wa "kusafisha tumbo" unaouzwa kwenye daladala bila lebo siusemei, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo, na muuzaji naye hajui.

---

kijana_wa_mwenge

Sawa, nimekubali kuhusu maji. Na ndizi? Mama zetu wanasema zinafunga, hapo juu mmeziweka kwenye orodha.

---

Upawa_na_Kikaango

Wote wako sahihi, wanaongelea ndizi mbili tofauti. Ndizi ambayo haijaiva ina wanga mgumu kumeng'enywa, na watu wengine inawafunga. Ikiiva mpaka ganda liwe la njano lenye madoa meusi, wanga umegeuka sukari, haina shida. Pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, unazipata za kila hatua, chagua zenye madoa, na zinauzwa rahisi kwa sababu wengi wanazikimbia.

Tukiwa hapohapo: mapera na ubuyu ni vizuri, lakini asibugie mbegu kwa kilo. Mbegu nyingi zikimezwa bila kutafunwa zinaweza kukusanyika na kuwa kizibo chini kabisa, na kizibo hicho hakitoki kwa papai.

Na kwa kuwa wengi wa kundi lako wanafunga Ramadhani: glasi mbili za maji wakati wa kufuturu, nne zigawanywe kati ya hapo na kulala, mbili wakati wa daku. Futari ya mihogo na viazi ni nzuri, ila kunde au mbaazi za nazi zisikosekane mezani, na daku iwe na kitu kizito kama dona au maharage ya jana kuliko chai na mkate mweupe.

---

Mhudumu_Tandika

Nimeshajaza daftari. La mwisho: dalili za hatari, na nitajuaje kama somo limefanya kazi?

---

Nesi_wa_Zamu

Hatari ya kukimbia saa hiyohiyo: tumbo limejaa na kukaza, hatoi choo wala gesi, anatapika, maumivu yanakuja kwa mawimbi au hayaachi. Hapo utumbo unaweza kuwa umejisokota au umeziba. Asipewe dawa ya kuharisha, asipigwe bomba la maji kwa njia ya haja kubwa, asipewe chakula. Hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala, popote palipo karibu penye upasuaji.

Za kwenda kupimwa ndani ya siku chache: damu kwenye choo (asijitangazie bawasiri mwenyewe), kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, choo kuwa chembamba kama penseli kwa muda, kufunga na kuharisha kwa kupokezana, au mtu wa miaka 50 na zaidi ambaye tabia ya choo imebadilika na haijarudi kwa wiki tatu.

Kupima somo: siku ya kwanza kila mmoja aandike kwenye karatasi bila jina mambo manne. Wiki iliyopita alikwenda mara ngapi, aina gani kwenye chati, alibana haja mara ngapi, na alikula maharage au jamii yake siku ngapi. Rudia karatasi ileile baada ya wiki nne. Idadi ya safari za chooni inaweza isibadilike sana, usivunjike moyo. Angalia aina ya choo na idadi ya kubana. Na waulize choo gani cha kijiweni wanakitumia sasa, maana kama hakuna aliyepata cha kutumia, kazi inayofuata ni kwenda kuzungumza na mwenye kile cha kulipia.